Nilimtupa, Sikukupa

Mkono wa Mwanakhamis ulikuwa ndani ya mofa, akibandika mkate kwenye ukuta wa tanuri, wakati kikapu kilipotupwa juu ya ukuta wa ua kikaangukia penye majivu. Hakugeuka. Mkate wa mofa haungoji mtu. Ukiuachia kabla haujashika, unaanguka motoni na unga wako umekwenda. Alimaliza kubandika, akajifuta jasho kwa ncha ya leso, kisha akapaza sauti ili aliyetupa huko kichochoroni asikie vizuri.

"Ua huu si jaa! Mwasikia? Si jaa!"

Nyayo zikakimbia. Kikapuni mlikuwa na watoto wanne wa paka, macho hayajafunguka, wakilia kwa sauti nyembamba.

Hivyo ndivyo walivyokuwa watu wa Kibokoni, Mungu awasamehe. Paka akizaa ndani ya gunia la mchele, au akifa akaacha watoto, hakuna aliyetaka dhambi ya kuwatosa baharini, na hakuna aliyetaka kazi ya kuwalea. Basi waliwatupa kwa Mwanakhamis, mjane muuza mikate, wakaenda zao msikitini na nyoyo nyeupe.

Mlezi hasa alikuwa Shungi, paka wa nyumba ile. Ummulkheir, msichana wa Mwanakhamis, alimwokota Forodhani siku moja, mguu wa nyuma umepondwa na troli, yale magari ya kusukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Mwanakhamis aliufunga mguu kwa vijiti na kitambaa, ukapona kwa kupinda. Shungi hakuzaa hata mara moja maishani mwake. Lakini kikapu cha kwanza kilipotupwa, aliwasikiliza wale watoto wakilia tangu adhuhuri, akaenda akalala ubavu kando yao, na kufika magharibi maziwa yalikuwa yamemtoka. Tangu hapo, kila kikapu kilipoanguka maziwa yalikuja.

Na kila mtoto aliyenyonya kwa Shungi, awe alikuja mweusi tii au wa kijivu, siku ya kuachishwa ziwa alikuwa mweupe kama yeye, na doa la manjano juu ya jicho la kushoto, na ncha nyeusi ya mkia. Tena alichechemea, ingawa miguu yake yote ilikuwa mizima. Mtaa haukulifanya jambo. Jaffar mwenye duka alisema tu kwamba yeye angependa zaidi paka asiyechechemea, sababu wateja huuliza.

Mwaka ule panya walizidi mjini, ikaja na habari ya tauni, na mpiga mbiu akapita akiwaambia watu wasafishe nyumba zao. Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba aliwahi kuwa na paka. Wakaanza kubisha hodi, mmoja mmoja, na vikapu vile vile.

"Nimemjia paka wangu, Mwanakhamis," alisema Jaffar, baada ya salamu.

"Paka gani wako?"

"Huyo mnene. Mamake alikuwa wangu."

"Si ulimtupa wewe?"

"Nilimtupa," alisema Jaffar kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Sikukupa."

Mwanakhamis alimjibu maneno ambayo hayafai kurudiwa, akamfuata nayo mpaka mlangoni, mpaka kichochoroni, mpaka dukani kwake mbele ya wateja. Jaffar aliyapokea yote, akampima mteja sukari, na paka aliyemchukua akabaki dukani. Shungi alikaa juu ya ukuta akiita hadi sauti ikamkauka. Kisha akashuka, maana kile kikapu cha penye majivu kilikuwa kimeshaanguka.

Jambo hili lilimkera Mwanakhamis kupita kiasi, na kila mtu alijua kwa nini, ingawa hakuna aliyelitaja mbele yake. Mwaka wa ndui, nyumba ya tatu kutoka kwake, mume na mke walifuatana kaburini wakaacha mtoto mchanga wa kike. Ami yake mtoto, Abdulkadir, alikuja kutoka Lamu kwa matanga. Alimtazama mtoto pale mkekani, akasema, "Nyumbani kwangu hamna maziwa," akarudi kwao. Mwanakhamis, ambaye mumewe alikufa bila ya kumwachia mtoto, akamchukua. Alijifungia chumbani akamweka kifuani. Mtoto akanyonya, akanyonya, asipate kitu, akalia. Mwanakhamis naye akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akakipiga kifua chake ngumi. Kisha akaenda kwa jirani yake Mona, aliyekuwa na mbuzi, na mtoto akalelewa kwa kitambaa kilichochovywa maziwa, tone kwa tone. Wakamwita Ummulkheir.

Ndiyo sababu miaka baadaye, maziwa yalipomtoka paka asiyezaa, Mwanakhamis alifurahi, kisha akamnunia Shungi siku nzima. Hata kichwa cha samaki hakumpa.

Ummulkheir alikua. Meno yalipoota yalikuwa na mwanya wa Mwanakhamis. Kidoti cheusi chini ya mdomo kilifuata, kisha paji la uso, kisha ile namna ya kukunja uso kabla ya kujibu. Alipokuwa msichana mkubwa likamtokea kovu mkononi, juu ya kifundo, lile lile ambalo Mwanakhamis alichomwa na mdomo wa mofa zamani za ujana wake. Ummulkheir mwenyewe hakuwahi kuungua. Mamake aliyekufa alikuwa mwanamke mrefu mwenye pua ndefu, na watu walimkumbuka vizuri. Wanawake arusini waliwatazama wawili wale wakasema wametoka kalibu moja, wakarudi kwenye pilau yao.

Abdulkadir alikuja na stima, siku mbili tatu baada ya Jaffar. Alivua viatu, akaketi, akanywa kahawa, akauliza hali ya watu wote wa mtaa kwa majina. Kisha akasema mama yake ameanguka akapooza upande mmoja, na anahitaji mtu wa kumgeuza na kumwosha.

"Namshukuru Mungu, ndugu yangu aliniachia mtoto," alisema. "Nimemjia."

"Umemjia," alisema Mwanakhamis. "Miaka yote hii ulikuwa hujui njia?"

"Njia naijua, bibi. Alikuwa mdogo."

Ummulkheir alikuwa amesimama penye mlango wa ua, mikono imejaa unga. Akakunja uso.

"Ami, mimi sendi."

"Hukuulizwa, mwanangu," alisema Abdulkadir bila ya ukali wowote.

Ikabidi waende kwa Maalim Taib. Maalim Taib aliamua mambo ya mtaa penye baraza ya nyumba yake, baada ya swala ya alasiri. Alikuwa mtu mpole, mwenye vitabu vingi na paka mmoja mweupe mwenye doa la manjano, ambaye alichechemea akauvuka mkeka akalala juu ya ncha ya kanzu yake. Wanaume waliketi barazani, wanawake nyuma ya pazia la mlango. Abdulkadir alieleza yake kwa ufupi. Mwanakhamis alieleza yake kwa sauti iliyosikika mpaka mtaa wa pili. Kisha pazia likasogezwa, Ummulkheir akaambiwa afunue uso, na Mwanakhamis akae kando yake.

Maalim aliwatazama kwa makini, huyu kisha huyu.

"Sura ni ya Mwanakhamis," alisema. "Hilo halina ubishi. Waonaje, Abdulkadir?"

"Naona, Maalim. Hata kovu. Kwetu sisi hakuna mwenye mwanya. Lakini sura si nasaba."

"Sura si nasaba," alikubali Maalim Taib, na ilionekana kwamba hakufurahi kukubali. Akamkuna paka shingoni. "Mwanakhamis, nipe kitu cha kushika. Ulimnyonyesha mtoto huyu? Mama wa ziwa ni mama. Niambie ulimnyonyesha, nami sitamwacha mtu amwondoe bila ya ridhaa yako."

Mona akamfinya Mwanakhamis mgongoni.

"Sema naam," alinong'ona. "Nani wa kukupinga? Waliokuwa wakijua wamekufa, na mimi sijui kitu."

Mwanakhamis alitaka kusema naam. Wallahi alitaka. Neno lilifika kwenye meno likakwama pale penye mwanya. Kando yake Ummulkheir alikuwa akimtazama, amekunja uso vile vile anavyoukunja yeye, mtoto ambaye Mwanakhamis aliwahi kumchapa makofi kwa uongo mdogo wa kipande cha halua. Na zaidi ya hapo hasira zilikuwa zimempanda, kwamba kazi yote ile ya kulea ipimwe kwa jambo moja tu alilonyimwa.

"Sikumnyonyesha," alisema. "Sikuwa na maziwa. Nilimpa ya mbuzi kwa kitambaa. Nilimwosha, nilimkesha akiugua surua, nilimpeleka chuoni akasoma Kurani, nikamfundisha mkate. Hayo hayana kitabu, Maalim?"

"Yana thawabu. Thawabu kubwa sana."

"Na mimi nikipooza, nitageuzwa kitandani na thawabu?"

Maalim Taib akasema mtoto ni wa ami yake. Abdulkadir akashukuru. Jaffar, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa baraza, alisema haki imetendeka, ingawa inauma. Mona akamwambia kutoka nyuma ya pazia kwamba yeye anyamaze.

Asubuhi ya pili yake mofa haikuwashwa. Mwanakhamis alimfungia Ummulkheir mikate ya jana katika kitambaa, akamsindikiza mpaka Bandari ya Kale, ambako mashua ilikuwa ikingoja kuwapeleka abiria kwenye stima. Njiani hawakusema lolote la maana.

"Mama, kovu laniwasha."

"Litie mafuta ya nazi."

"Huko kwao yapo?"

"Lamu ikose nazi? Toka hapa, wewe!"

Wakacheka kidogo, wote wawili na mianya yao. Kisha Abdulkadir akamshika Ummulkheir ule mkono wa kovu akamsaidia kupanda mashuani. Alipokwisha kuketi, akaanza kulia, si kama msichana mkubwa, bali kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyetafuta ziwa asilipate.

Hapo maziwa yakamtoka Mwanakhamis. Yalimlowesha leso kifuani, yakateremka mpaka kiunoni, yakadondoka juu ya ngazi za mawe. Hamali mmoja aliyekuwa akipita na gunia alimwambia ajihadhari asiteleze.

Mwanakhamis alikimbia. Mwanamke wa umri wake, mnene, alikimbia vichochoro vyote vile mpaka kwa Maalim Taib, akamkuta mlangoni na tasbihi yake.

"Maalim! Yamekuja!"

Maalim alitazama mara moja, akainamisha macho kwa heshima.

"Naona," alisema. "Ni maziwa."

"Basi tuma mtu amrudishe! Mashua haijafika kwenye stima bado."

"Maziwa yanayofunga undugu wa ziwa ni ya miaka miwili ya mwanzo ya mtoto, Mwanakhamis. Haya yamechelewa."

"Yamechelewa nini! Mimi niliyaita! Nayaita tangu mwaka wa ndui!"

"Najua," alisema Maalim Taib, na kweli alijua, na machozi yalimlengalenga machoni. Akamwita mkewe alete leso kavu. Mwanakhamis akaikataa leso. Stima ikapiga honi, na Maalim akangoja honi iishe ndipo akasema, "Mungu akupe subira."

"Hiyo ninayo," alisema Mwanakhamis. "Tangu zamani ninayo. Wala haijanisaidia kitu."

Alirudi nyumbani. Uani Shungi alikuwa amelala kando ya kile kikapu kilichoangukia penye majivu. Alikuwa amezeeka, na baada ya siku zile za kuita ukutani maziwa yalimkauka. Watoto wanne walikuwa wakimsukuma tumbo na kulia. Mwanakhamis aliwatukana waliowazaa na waliowatupa, akamtukana na Jaffar kwa kuwa jina lake lilikuwa karibu. Kisha akaenda ndani, akafungua kasha, akatoa kitambaa cha zamani. Akakiosha. Akakamua maziwa yake katika kibakuli, akakichovya, akaketi chini na mtoto wa kwanza mapajani, tone kwa tone. Shungi alikuja akalala juu ya mguu wake.

Maziwa hayakukatika mpaka watoto wakaachishwa. Kwa rangi walitoka vile vile, weupe, doa la manjano, ncha nyeusi ya mkia. Ila hawa hawakuchechemea. Kila mmoja alikuwa na kidoti cheusi chini ya mdomo, na kila mmoja alikunja uso kabla ya kula.

Walipoanza kukamata panya, Jaffar akaja na kikapu chake. Kumbe ni yeye aliyewatupa. Alimwinua mmoja akamgeuza penye mwanga, akaona kile kidoti, akamfunua mdomo akaona mwanya. Akamtazama Mwanakhamis, akamtazama paka tena.

"Huyu ni wako kweli," alisema.

Akamtia kikapuni, akaenda naye.