Tisa Nukta Nane

Mhadhiri wa fizikia alimrudishia daftari mwanafunzi waliyemwita Desimali, maana hakuwahi kuacha tarakimu hata moja.

"Kumi nukta mbili? Kila mtu anajua mvutano wa dunia ni tisa nukta nane. Wenzako arobaini wote wameipata. Rekebisha, binti, nikupe maksi."

"Sirekebishi, Mwalimu. Ndiyo namba niliyoipata."

Darasa likaangua kicheko. Jaribio lilikuwa kubembeza kipande cha chuma kwenye uzi, kisha kukokotoa mvutano kwa urefu wa uzi na muda wa kubembea. Desimali alikuwa amekibembeza mara hamsini, saa mkononi. Wenzake walibembeza mara tano, kisha wakapika majibu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, bila haya.

"Kwa hiyo wewe ndiye mjuaji, sisi wote hamnazo?"

Mama yake Desimali alikuwa fundi cherehani, na kwao hakikukatwa kitambaa kabla ya kupimwa mara mbili. Akatoa mkobani futi ya mama yake, akaupima upya uzi uleule. Sentimita tisini na sita. Rula ya maabara ilisema mia.

Akaichukua ile rula, moja tu waliyotumia wote, akabandua selotepu chakavu iliyofunika ncha yake. Ilikuwa imekatika. Namba zilianzia nne.

Kicheko kikakauka. Mhadhiri akaigeuza rula huku na huku.

"Kosa langu limetoka hapa," alisema Desimali. "Sasa waulize hao arobaini, tisa nukta nane yao waliipimia rula gani?"