Jiwe la Kusagia

Mwaka 1956, baada ya baba kufariki, mama aliamua turudi kwa ndugu zake Idodi. Kwa ridhaa ya baba zangu wadogo, shamba letu la Kihesa aliliuza kwa jirani yetu Didas. Vyombo akavipanga uani, majirani waje kuchagua.

Vyungu viliondoka mapema, kisha kinu na ungo. Mama alipatana bei bila shida, mpaka Benedicta, mke wa Didas, alipoinama kulishika jiwe la kusagia. Hapo mama naye akaliwekea mkono. Jiwe lile alikabidhiwa na mama mkwe wake alipoolewa.

“Mama Paskalina, kama hili huliuzi, sema tu,” Benedicta alisema.

“Naliuza. Ni zito, halibebeki mpaka Idodi. Ila tumezoeana.”

Benedicta alifikiri kidogo. “Basi nalinunua, lakini mavuno yakifika uje usagie hapa. Mahindi yaliyo shambani umeyapanda wewe, utayavuna wewe.”

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Tulikwenda, tukavuna. Mwaka uliofuata mama hakuwa na mahindi yake pale, lakini tulikwenda tena, na tena, kwa miaka mingi.

Sasa Kihesa imejaa nyumba, na shamba lile silitambui tena. Ninachokiona ni wanawake wawili uani, mmoja anasaga, mwingine anapepeta, wakipiga soga kwa Kihehe, unga umewapanda mpaka kwenye viwiko.