Kisichoguswa na Moto

Anwar alikuwa na mdomo, na hilo hata mkewe Nasreen asingebisha. Mtu mwenye duka la vitambaa pale Nyaishozi, barabarani kabisa, hawezi kuwa bubu akauza. Lakini kuna mdomo wa kuuzia vitenge na kuna mdomo wa kujisifia, na tangu alipoanza kula vibichi, huo wa pili ulikuwa haufungwi.

Habari yenyewe ilianza na presha. Kisogo kilikuwa kikimgonga, akaenda zahanati, muuguzi akampima, akamtazama usoni, akampima tena. Anwar alirudi nyumbani na vidonge, akanuna siku nzima. Marehemu baba yake, aliyetoka Pangani kuja kuuza nguo huku Karagwe, aliishi miaka mingi bila kumeza hata dawa ya kichwa, na Anwar aliona kidonge cha kila asubuhi ni kujitangazia uzee. Ndipo rafiki mmoja alipomtumia kwenye simu sauti ya bwana fulani aliyejiita mtaalamu wa lishe. Bwana yule alikuwa na sauti tamu. Alisema moto ndio unaotuua. Chakula kisichoguswa na moto kinasafisha mishipa, presha inashuka yenyewe, na vidonge ni vya kutupa jalalani. Anwar aliisikiliza mpaka mwisho, akairudia, kisha akamwambia Nasreen asimpikie tena.

Hebu fikiria, mtu anaishi Karagwe na anakataa kilichopikwa! Hii ni nchi ambayo mgeni akiondoka bila kuonja ndizi na maharage, mwenyeji anabaki akijiuliza amemkosea nini. Anwar alikwenda harusini na mfuko wake wa matango. Msibani alikaa akitafuna karoti huku wenzake wakila pilau. Watu walicheka, wakampa jina la Mzee Kibichi, naye badala ya kuudhika akalipenda.

Kitambi kilipungua, na huo haukuwa uongo. Presha nayo ilishuka, na huo pia haukuwa uongo. Kichwa kikamvimba. Akanunua mashine yake mwenyewe ya kupimia, akaiweka mezani dukani, na mteja aliyekuja kutafuta kitambaa cha sare alijikuta amefungwa mkanda mkononi na kuhubiriwa kabla hata hajataja rangi anayoitaka.

Kuna jambo moja ambalo hakulihubiri. Vidonge alikuwa ameviacha kweli hapo mwanzo. Kisha asubuhi moja, akiwa juu ya ngazi anapanga majora ya vitambaa, macho yakaingia giza na moyo ukaenda mbio, Nasreen akamkokota hadi zahanati. Muuguzi alimwambia matango na mboga ni vizuri, aendelee navyo, na chumvi aiache hivyo hivyo, lakini vidonge asithubutu kuviacha bila kuambiwa na daktari. Tangu siku hiyo Anwar alimeza kidonge chake kila asubuhi, ndani ya stoo, mlango ameupa mgongo.

"Si uwaambie tu?" Nasreen alimuuliza. "Sema unakula mboga na unameza dawa. Hapo kuna aibu gani?"

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Kila alipotaka kusema alikuta barazani kuna watu wanamsubiri, wanamwita mwalimu, na sifa ni kitu kitamu. Alijidanganya kwamba hakuna anayeumia. Moyoni alijua si kweli, ila alikuwa hodari wa kuuzima moyo wake, kama alivyokuwa hodari wa kumzima mteja anayelalamikia bei.

Sasa alikuwepo Ildefonsi. Huyu alikuwa mkulima wa upande wa Ndama, aliyeleta ndizi mbivu kwa baiskeli siku za gulio. Wazazi wake walitoka Burundi zamani. Yeye alizaliwa hapa, akaoa hapa, lakini bado wapo waliomwita mgeni wakikasirika. Anwar alimwita ndugu. Alilisema neno hilo kama anavyolisema kwa kila mteja, ila Ildefonsi alilipokea kwa mikono miwili. Naye alikuwa na presha, na vidonge vyake alivibeba mfukoni mwa shati.

Siku moja, baraza limejaa, Ildefonsi aliegemeza baiskeli akauliza kwa heshima, "Mzee, samahani. Wewe vidonge uliviacha kweli?"

Swali lilikuwa limenyooka. Jibu nalo lilikuwa la neno moja tu. Anwar aliwatazama watu, nao wakamtazama yeye, akajipiga tumbo lililokuwa limepungua.

"Nitazame mwenyewe," alisema.

Ildefonsi alimtazama, akacheka kwa furaha, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo vidonge havikuonekana tena mfukoni mwake.

Matango na matufaa hayakuwa chakula cha uwezo wake. Alikula ndizi mbivu, mapapai na maparachichi, kisha akaenda kulima, na jembe halijui kama umeshiba au umejaza tumbo. Njaa ilimsumbua. Ndipo akakumbuka kahawa. Kwa watu wa huku kahawa ni ya kutafuna kabla haijawa ya kunywa: mgeni akiingia analetewa akamwani, punje kavu na maganda yake, anatupia mdomoni, mazungumzo yanaanza. Ikitafunwa inaondoa njaa na usingizi. Lakini akamwani huchemshwa kwanza na majani yenye harufu nzuri, ndipo hukaushwa, na Ildefonsi alikuwa mtu wa kufuata masharti. Alichuma zake, akazianika juani hivyo hivyo bila kuzichemsha. Akawa anatafuna kutwa nzima, mistari mirefu ya shamba, mfuko mzima kiunoni.

Alimletea Anwar kidogo, zimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Hii haikuona moto, mzee. Ni jua tu," alisema, na uso wake uling'aa.

Anwar alijua kahawa inakimbiza moyo. Muuguzi alikuwa amemkataza. Alitupia punje moja mdomoni, ikawa chungu kama shubiri, akaitafuna mbele ya watu na kusema, "Ndugu yangu, sasa umenizidi hata mimi!" Baraza zima lilimpigia Ildefonsi makofi. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kupigiwa makofi Nyaishozi.

Magulio yakapita bila yeye kuonekana. Habari aliileta Yustus, fundi cherehani wa pale barazani, ambaye hupata habari kabla ya wenyewe. Ildefonsi ameanguka shambani. Mkono na mguu wa upande mmoja havifanyi kazi, mdomo umepinda, amelazwa.

Anwar aliweka chini mkasi wake. Akashika meza.

"Lakini kajitakia," Yustus aliendelea, akizungusha gurudumu la cherehani. "Mkewe mwenyewe kasema. Walikuwa msibani kwa jirani, bwana akala viazi vya kuchemsha. Mwili umeshazoea vibichi, wewe unauingizia moto! Utaacha kuanguka? Masharti yanavunjwa, halafu watu waseme tiba ni mbaya. Si ndivyo, Mzee Kibichi?"

Wote waligeuka. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mungu alikuwa amemfungulia mlango, tena kwa upana wake, na mtu mwingine angepita.

"Masharti ni masharti," Anwar alisema.

Aliyasikia maneno yake yakitoka na hakuamini ni yake. Aliingia stoo akakaa juu ya gunia. Nasreen alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukutani. Alikuja akasimama mlangoni, hakupandisha sauti.

"Yule mtu alikuuliza, na ulikuwa na kidonge tumboni. Leo amelala hoi, bado unambebesha kosa lako. Utakwenda mwenyewe, au nikutangulie?"

Alisema atakwenda, kisha akaanza visingizio. Hospitali ina watu wengi. Mgonjwa anahitaji kupumzika. Mzigo wa vitambaa unakuja. Ildefonsi aliruhusiwa akarudishwa kwake na Anwar bado yupo dukani akipima mita. Mashine ya presha aliifungia kabatini, na alipoulizwa akasema betri zimeisha. Mwisho Nasreen alivaa baibui, akachukua pochi, akaanza kwenda barabarani kusimamisha bodaboda bila kusema neno. Anwar alimkimbilia, akapanda yeye.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalimtetea. Alipofika uani kwa Ildefonsi yalikuwa yamekwisha yote. Nyirabahire, mke wa Ildefonsi, alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko. Alisimama, akajipangusa mikono.

"Karibu, Baba Ikram," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Alikuwa anakuulizia kila siku."

Hata kama angemzaba kofi lisingeuma hivyo.

Ildefonsi alikuwa amelazwa chumba cha mbele, ameegemezwa mito. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Alipomwona mgeni alijaribu kuinuka, mkono mzima ukasukuma godoro, ule mwingine ukabaki palepale.

"Shikamoo, mzee," alisema, maneno yakimtoka kwa taabu.

Anwar alikosa pa kuuweka uso wake. Aliitikia marahaba kwa sauti isiyofika popote, akakaa kwenye kigoda.

"Nisamehe," Ildefonsi alisema.

"Nani? Mimi nikusamehe?"

"Nilikula viazi. Msibani. Walinipa, nikaona haya kukataa. Nimekuaibisha, mzee. Watu watasema mafundisho yako ni mabaya, kumbe ni mimi."

Anwar alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amekuja kuomba radhi, akakuta imeombwa kabla yake, na aliyeiomba ni huyu. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

"Ildefonsi, nisikilize. Mimi nameza vidonge. Kila asubuhi. Sikuviacha, niliviacha kidogo nikataka kufa, nikavirudia. Uliponiuliza, asubuhi ile nilikuwa nimemeza. Viazi havikukufanya kitu. Ni mimi niliyekudanganya."

Upande wa mdomo wa Ildefonsi usiopooza ukatabasamu.

"Wewe ni mtu mzuri," alisema. "Unasema hivyo ili nisijione mkosaji."

"Wallahi nakwambia kweli!"

"Usiape, mzee. Usiape kwa ajili yangu."

Maisha yote ya Anwar watu waliamini alichosema, hata kitambaa kinachochuja rangi alichokiuza kwa maneno, na siku aliposema kweli hakuna aliyeinunua. Aligeuka akitafuta msaada, akamkuta Nyirabahire amesimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Mimi nakuamini, Baba Ikram," alisema. Hakulisema kwa ukali. "Nilimwambia asiviache. Akaniambia, yule mzee ananiita ndugu, hawezi kunidanganya."

Alimpa bakuli. Ndani mlikuwa na ndizi zilizopondwa na mchuzi wa maharage, hazina chumvi, mvuke ukipanda taratibu.

"Dawa sasa anameza, daktari alimtisha. Lakini chakula cha motoni hataki. Maparachichi yameisha mtini, mapapai na ndizi mbivu vimemkinaisha, anazidi kukonda. Anasema mpaka wewe uruhusu. Sasa umefika. Mlishe."

Anwar alichota kijiko akakipeleka. Ildefonsi alikitazama, akafunga mdomo.

"Umesahau," alisema kwa upole. "Hicho kimepikwa."

"Najua. Kula."

"Wewe hungekula."

Anwar alikitazama kijiko. Tangu aanze mahubiri yake hakuna mtu nje ya nyumba yake aliyemwona akila kilichopikwa, na nyumbani wakati mwingine alikula usiku, Nasreen akijifanya haoni. Alikitia mdomoni. Ndizi zilikuwa za moto na laini. Alitafuna, akameza kwa shida, akachota kingine, akakila nacho, machozi yakidondokea ndani ya bakuli kama ya mtoto aliyechapwa.

Ildefonsi alimtazama akila. Hakupepesa macho. Tabasamu likaondoka usoni mwake polepole.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Ni kweli."

"Hata vidonge?"

"Hata vidonge."

Uani kuku alikuwa akiwaita vifaranga. Anwar alichota tena, akakipeleka kijiko karibu na mdomo ule uliopinda.

"Sasa kula, ndugu yangu. Nakuomba."

Ildefonsi aligeuza uso, akatazama ukuta.

"Nitakula," alisema. "Mpe mke wangu kijiko."