Moshi wa Pikipiki ya Nelima

Pikipiki ya Nelima ilizima kwenye laini ya kuanzia mashindano kabla bendera haijashuka. Wenzake wakaondoka, wakamwachia vumbi. Binti yangu wa miaka kumi na miwili akabaki pale peke yake akipiga kiki iwake, na baba yake akaanza kupiga kelele kutoka nyuma ya kamba.

"Ni huo mkono yako! Nimekwambia mara ngapi? Tumetoka Bungoma mpaka Kitale kuja kuaibishwa?"

Mume wangu Hillary ni mzee wa kanisa, na sauti yake haihitaji kipaza. Shamba zima la mashindano lilisikia. Wazazi wengine wakageuka kumtazama mtoto, wengine wakacheka.

Hayo hayakuanza siku hiyo. Kule kwetu Mabanga, kila pikipiki ilipozima mazoezini, lawama ilikuwa ya Nelima. Alijaribu kujieleza: "Baba, inapanda yenyewe halafu inakufa." Hillary akamjibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Mimi nina duka la dawa za mifugo na mbegu mjini Bungoma, na hutengeneza mashine za kupulizia dawa ambazo injini zake ni ndugu na ya pikipiki hii. Lakini nilipotaka kuiangalia niliambiwa mambo ya pikipiki ni ya wanaume, tena ina fundi wake. Fundi mwenyewe ni wa boda boda. Asubuhi hiyo Hillary alikuwa ametangaza kwamba ikizima tena, anaiuza.

Nelima aliisukuma hadi kwenye pikapu yetu bila kuvua helmeti. Hakutaka tumwone uso.

"Mama, iuzwe tu," akasema. "Mimi sijui kuishika."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na mpaka leo haijashuka yote. Mtoto alikuwa amefundishwa kujikataa, na somo limemwingia.

"Raundi ya pili bado," nikamwambia Hillary. "Nipe bisibisi."

"Mama Nelima, si hapa mbele ya watu, bana."

"Nipe bisibisi!"

Niliiwasha mwenyewe, nikasimama kando, mikono nyuma. Ikanguruma vizuri kidogo, ikapanda juu yenyewe kama imekanyagiwa mafuta, ikashuka, ikafa.

"Umeona?" nikamuuliza. "Huo sasa ulikuwa mkono wa nani?"

"Labda ni baridi ya huku Kitale."

Niliiwasha tena, nikaimwagia maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Kama pangekuwa na ufa unaovuta hewa, mlio ungebadilika. Haukubadilika. Nikafungua plagi. Plagi ya injini inayokula vizuri huwa na rangi ya chai ya rangi. Hii ilikuwa nyeupe kama chaki. Ilikuwa inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Nikashika skurubu ya hewa kwenye kabureta, ikanizungukia mkononi, karibu inidondokee. Na skurubu ile ina springi ya kuibana. Haijifungui kwa mtikisiko.

Nikachota petroli kidogo kutoka kwenye tangi, nikaimwaga kiganjani. Ikakauka, ngozi ikabaki kavu. Pikipiki hii haina oili yake yenyewe ndani kama boda; inategemea ile unayochanganya kwenye petroli, na petroli yenye oili huacha utelezi. Nikaenda kwenye pikapu kutafuta chupa ya oili niliyompa Hillary kutoka dukani. Ilipaswa kuwa imeisha zamani. Ilikuwa imepungua kama dawa ya kikohozi ya mtoto asiyependa dawa.

"Hillary, nani amegusa hii kabureta?"

Mwanamume aliyekuwa akiamsha wafu kwa sauti sasa alikuwa anakagua viatu vyake.

"Ilikuwa inatoa moshi," akasema mwishowe. "Mzee Wakoli aliniambia mbele ya wazee wote wa kanisa ati nimeuziwa mkebe, ati ringi za pistoni zimekufa. Wakacheka. Nikaambia fundi atoe moshi. Akafungua hiyo skurubu, akasema nipunguze oil. Na moshi ikaisha."

"Na kuzima kulianza lini?"

Akakung'uta vumbi kwenye suruali.

"Hillary, lini?"

"Hiyo wiki."

"Kwa hivyo ulijua."

"Sikujua kabisa. Nilifikiria itazoea."

Itazoea! Kama ndama anayeachishwa ziwa! Boda ikitoa moshi wa buluu, kweli, ringi zimekwisha. Lakini hii hutoa moshi kwa sababu ndivyo inavyokula. Mtu yeyote aliyewahi kushika pawa so ya kukatia miti angemwambia hivyo. Hata mkewe angemwambia, kama angemuuliza.

"Unajua injini ikikosa oil kwa mwendo inafanya nini?" nikamuuliza. "Inashika. Gurudumu la nyuma linagoma, mtoto anarushwa. Ungemwambia Wakoli nini kwa matanga? Ati angalau haikuwa na moshi?"

"Punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie! Yeye ulimpigia kelele kwa siri? Wewe uliogopa kuchekwa na Wakoli, ukaacha mtoto wako achekwe na Kitale yote!"

Walisikia. Mzazi mmoja aliyekuwa akituelekea na chupa ya soda aligeuka akarudi alikotoka.

Nilimwaga petroli yote ile, nikachanganya nyingine kwa kipimo chake. Nikasafisha plagi. Skurubu ya hewa nikaifunga taratibu hadi ikagota, kisha nikairudisha mzunguko mmoja na nusu. Kwa hasira, bisibisi ikanitoka mara mbili. Nikapiga kiki. Moshi wa buluu ukatoka, ukaenda moja kwa moja kwenye shati jeupe la Hillary, na injini ikatulia. Tatatatata. Haikupanda, haikushuka.

"Sasa mwambie," nikasema.

Hillary akamsogelea Nelima. "Pikipiki iko sawa sasa."

"Si hiyo, Hillary."

Akamgeukia tena mtoto. "Ni mimi niliharibu. Haikuwa mkono yako."

Nelima alimtazama kupitia tundu la helmeti. Hakusema ni sawa. Alivaa glavu zake moja moja, akazibana vizuri.

Walipoita raundi ya pili, Hillary aliushika usukani aisukume pikipiki hadi kwenye laini, kwa sababu kila mtoto huenda na mzazi mmoja. Nelima akauondoa mkono wa baba yake.

"Baba, wewe baki. Nitaenda na Mama."

Siku nyingine ningemkemea. Kwetu mtoto hamwambii baba yake abaki. Siku hiyo nilishika usukani, tukaenda.

Kwenye laini wenzake walikuwa wakivuta mafuta, kila mmoja akitaka mlio wake usikike zaidi. Nelima hakuvuta. Aliiacha pikipiki bila gia, ikinguruma chini chini na moshi wake, kisha akaachilia usukani. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vimetanuliwa, akamgeukia baba yake pale kwenye kamba. Injini ikaendelea. Mshika bendera akamwambia ashike usukani. Akamwambia tena. Nelima hakuishusha mikono mpaka Hillary alipoinamisha uso.