Nukta Thelathini na Moja

Mimi Ruwayda nina ugonjwa mmoja: sivumilii kuona mtu mzima akitishwa na kompyuta. Niliposikia kuna programu huria ya kupanga umeme wa vijijini, inayopiga hesabu ya nguzo, waya na sola, lakini wanaoielewa ni mainjinia peke yao, nilipandwa na hasira. Ya bure kwa nani, basi? Nikachukua chumba juu ya duka la mjomba wangu hapa Eldoret mjini, nikafungua darasa la wasiojua kitu.

Nilirahisisha kila kilichorahisishika. Programu ilipotaka kila nyumba ipewe namba, mimi niliwaambia waandike jina la mwenye nyumba, maana jina halisahauliki. Orodha ya vitufe, iliyokuwa ya Kiingereza, nilimtumia dada mmoja wa Morogoro anayetafsiri kwa kujitolea. Aliirudisha baada ya siku mbili, na kwa haraka zangu nikaipachika bila kuisoma.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Mama Kavetsa, muuza viazi wa Burnt Forest. Siku ya kwanza alishika kipanya kwa vidole viwili kana kwamba kitamng'ata, tukacheka hadi machozi. Kufikia wiki ya nne alikuwa ameizunguka mitaa yao yote kwa miguu na kuweka nyumba thelathini na moja kwenye ramani, kila moja nukta nyekundu yenye jina. Mradi mmoja wa sola ulikuwa umeahidi kujenga mahali penye mpango uliokamilika, na siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Ijumaa. Mama Kavetsa aliitaka hiyo stima ya sola kwa moyo wote, kwa sababu mjukuu wake alikuwa ameungua mkono kwa koroboi.

Jumatano ya wiki hiyo, Juni 2022, miezi miwili kabla ya uchaguzi, niliangaza ramani yake ukutani kwa projekta ili darasa zima lione kazi safi. Kisha nikafungua orodha mpya ya Kiswahili na kuisoma kwa madaha: "Ongeza nyumba. Pima umbali. Ondoa madoadoa."

Mdomo ulimaliza kabla akili haijafika. Dada wa Morogoro alimaanisha kufuta nukta tu, angejuaje? Lakini huku kwetu, mwaka 2007, neno hilo lilitumiwa kuwaita watu waliohamia kutoka kwingine, na baada ya kura nyumba za hao madoadoa zikachomwa. Ya Mama Kavetsa ilichomwa, na mumewe hakutoka. Sasa jina la mama huyo lilikuwa ukutani, na nukta yake nyekundu, chini ya maneno hayo. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Halafu huko nyuma nikasikia mlio wa simu ikipiga picha. Alikuwa jamaa mmoja aliyejiunga wiki hiyo, naye pia wa Burnt Forest.

"Unapiga picha ya nini?" nikamuuliza.

"Nachukua notes, madam. Si ulisema hii kitu ni ya bure, kila mtu anaweza ona?"

Alisema kwa upole, tena akitabasamu. Kabla ya chai alikuwa ameondoka, na hakurudi tena. Labda zilikuwa notes kweli. Sijui, na kutojua huko ndiko kulikoninyima raha.

Mama Kavetsa alingoja wenzake watoke. "Ruwayda, toa hizo nyumba zetu."

"Mama, hilo neno nabadilisha saa hii. Hata majina nitatoa, tuweke namba."

"Neno si shida. Mwaka ule kuna mtu alikuja na kalamu na kitabu, anaandika nani anakaa wapi. Tukamwambia yote. Tukampatia hata chai, tukidhani ni mambo ya mbolea."

"Lakini bila hizi nukta hampati stima. Computer itaona hapo hakuna watu."

"Wacha ione hivyo. Na mtu yeyote akikuuliza, sema hivyo hivyo. Niapie."

Nikaapa. Kile kitufe sikuweza kukibonyeza. Alizifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, akitaja kila jina kwa sauti ya chini. Ijumaa nikatuma ramani za wanafunzi wengine pamoja na namba yangu ya simu; kwao Mama Kavetsa palionekana shamba tupu.

Agosti ikaja ikapita. Watu walipiga kura, wakarudi kwa viazi vyao, na hakuna nyumba iliyoguswa. Nilianza kujiona mjinga. Januari nikapigiwa simu na namba nisiyoijua.

"Madam, mimi ni injinia wa ule mradi wa sola. Niko huku Burnt Forest na paneli zimebaki. Ramani yako inaonyesha huku juu ni shamba tupu, lakini naona moshi ya jikoni. Nani wanakaa hapa? Nipe tu majina."

Sauti ilikuwa ya upole, na mimi upole nilikuwa nimeacha kuuamini.

"Hakuna mtu," nikasema. "Huko hakuna mtu."

Wiki moja baadaye nilithibitisha kwamba alikuwa injinia wa kweli, na kwamba paneli zilikuwa ndani ya lori lililosimama barabarani, nyumba ya kwanza ikionekana kutoka hapo. Zilipelekwa kwingine. Nilipanda hadi kwa Mama Kavetsa kumweleza, nikiwa tayari anitukane, na ningefurahi kama angenitukana.

Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru.