Kadi ya Bwana Slezak

...na kwa nini amesema hajambo, nani kamtuma, msichana wa watu ameuliza kwa adabu tu, "Mzee hajambo, Bi. Slezak?" na yeye Verna, mwanamke mzima mwenye akili zake, kajibu, "Hajambo, anakusalimu," kana kwamba mumewe Emil yuko nyumbani kwenye kiti chake anavuta kiko, kana kwamba hawakumzika mwezi wa sita, nusu ya mji wa Youngstown imesimama makaburini na kofia mkononi, Mungu wangu, kusema uongo juu ya maiti, tena kwenye kaunta ya viatu, na sasa huyu msichana, Jolene, anaigeuza kadi ya kukopea ya duka, anaitazama kwa karibu, anatazama nini, kadi ni ile ile, imeandikwa Emil J. Slezak, ameona nini... "Aa, mama, kadi hii mwisho wake mwezi huu," Jolene akasema, jojo shavuni, "kwa hiyo ama umpelekee mzee hii fomu atie sahihi, ama ufungue ya kwako mwenyewe, siku hizi inawezekana, sheria mpya imetoka, mwanamke anapewa kwa jina lake, na ukifungua leo hivi viatu unapunguziwa," ...ya kwake mwenyewe, heri asingesikia, maana mtu asipojua kuna mlango hapati taabu ya kuuingia, na yeye alikuja kununua viatu tu, viatu vyeupe vya soli ya mpira, Jumatatu anaanza kazi jikoni kwenye shule ya watoto, mpishi mkuu kamwambia waziwazi, sakafu yangu inateleza, ukija na hivyo ulivyovaa nakurudisha mlangoni, na pesa iliyomo mkobani ni ya gesi, akiitoa hapa nyumba italala baridi, na theluji ndiyo hiyo inaanza, basi kadi, lakini kadi ipi, na wifi yake Irene alimwonya hata maua ya msiba hayajanyauka, "Wifi, nyamaza kimya, usithubutu kuwaambia amekufa! Mimi kule duka la pili niliwaambia, kwa ujinga wangu, wakaikata kadi kwa mkasi hapo hapo, watu wananiangalia, duka hili sikufungua kinywa, na mpaka leo marehemu mume wangu Stanley ananunua soksi za kike," na akacheka Irene, akacheka mpaka machozi, na Verna akanyamaza kama alivyofundishwa, akanunua sufuria, akanunua pazia, akanunua koti la binti yake Dorothy la kwendea chuo, yote kwa jina la mtu aliye chini ya udongo, wao wanaita nini hiyo, wizi, ulaghai, wanafunga watu kwa hiyo... "Bi. Slezak?" ..."Subiri, mwanangu, nafikiri," na akigeuka nyuma kwenye foleni nani amesimama pale kama si Bi. Kopecky wa parokiani, aliyeimba kwenye maziko yenyewe, aliyeleta pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, sinia zima, ooh, basi amesikia, amesikia hajambo, ataisikia parokia yote kabla ya misa ya Jumapili, uso unamwaka moto, na Bi. Kopecky badala ya kumkazia macho anamsogelea sikioni, anamnong'oneza, pumzi yake inanukia peremende, "Chukua fomu, binti, katie sahihi mwenyewe nyumbani, sote ndivyo tunavyofanya," na mkononi, Verna anaiona, ameshika kadi ya Bwana Kopecky, aliyekufa hata kabla kanisa halijapakwa rangi... kumbe wote, kumbe duka zima hili limejaa wanaume waliokufa wakinunua vitambaa vya meza, hii ingemchekesha siku nyingine, katie sahihi mwenyewe, ni rahisi hiyo, si ameitia maisha yake yote, Emil mkono wake wa kulia ulisagwa na mashine kiwandani Dorothy akiwa bado mchanga, vidole havikushika kalamu tena, "Andika wewe, Verna, una mwandiko mzuri," na akaandika, na bili ikija ni yeye anayeitoa kwenye bahasha ya matumizi, Emil hakujua hata inakuja siku gani, mwaka wa mgomo kiwanda kimefungwa, wanaume wanaota moto getini, ni yeye aliyefua mashuka ya watu ili bili ya duka isilale, na Krismasi ile duka likaleta barua yenye utepe, kwa Bwana Slezak, mteja wetu mwaminifu, Emil akaisoma kwa sauti mezani, akajipiga kifua, "Mnaona baba yenu alivyo mtu!" na watoto wakapiga makofi, na yeye pia akapiga... alipiga makofi, ee Verna, ulikuwa ukimpigia nani makofi, basi huyo mwaminifu alikuwa nani, huyo wanayemwamini huko juu ofisini ni nani, na badala ya wazo hilo kumpa nguvu linamtia hofu zaidi, hofu mpya, maana jina la Emil lilikuwa ukuta, ukiegemea hauanguki, na kadi ikiwa yake mwenyewe, mwezi ukimwendea vibaya, akiugua, shule ikimwachisha, barua ya ukali itakuja kwa Verna Slezak, haitamtafuta mtu mwingine, na wakimkataa je, hapa hapa, mbele ya watu, mjane, hana hata siku moja ya kazi, na wakimkubali... hapo moyo ukampasuka hasa, wakimkubali watalifuta jina la Emil, kiwandani wamelifuta, benki wamelifuta, kasisi ameshaacha kulitaja, mji mzima umebakiza mahali pamoja tu ambapo Emil bado anaulizwa habari zake, na ni hapa, katikati ya viatu, na anayetakiwa kumfuta ni yeye, ah, Emil, usinitazame hivyo, sitaki, mimi sitaki, lakini nitatia sahihi yako mpaka lini, mpaka nife na mimi, halafu Dorothy aje anunue sufuria kwa jina langu... "Mama, samahani, watu wanasubiri, nikuandikie ipi?" "Ya kwangu," akasema Verna, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni, na Bi. Kopecky nyuma akavuta pumzi, "Yesu na Maria, binti!" "Haya," akasema Jolene, akachukua kalamu, "napiga simu juu ofisini sasa hivi, wataangalia kwanza ile ya mzee, watauliza anafanya kazi wapi," ...watauliza, naam, watauliza, sema, sema kabla hujakimbia, "Waambie Bwana Slezak alikufa," akasema, "na wakitaka kumjua aliyekuwa akiwalipa miaka yote ile, waambie yupo hapa chini, anangoja viatu."

Jolene aliacha kutafuna. Viatu vilikuwa bado kwenye boksi, simu bado haijanyanyuliwa, na Verna alikuwa akiogopa kuliko alipoingia, ila hofu hii ilikuwa ya kwake.