Balozi wa Vyumba Viwili

Fundi vioo na mkewe mshonaji waliacha kusemeshana binti yao akiwa na miaka tisa, na sababu ilikuwa kabati. Mume aliliuza mke akiwa msibani. Mke aliporudi akakuta nguo zake zimepangwa sakafuni kama za mnada. Watu wengine wangegombana wiki ya kwanza, wakanuniana ya pili, ya tatu wakasahau. Hawa walikuwa watu wa msimamo. Mume akahamishia godoro lake karakana ya mbele, katikati ya vioo. Mke akabaki chumba cha nyuma na cherehani yake. Kuachana? Hawakutaka hata kulisikia neno hilo. Waachane vipi, na wana mtoto? Ndoa waliivumilia kwa ajili yake, na walimkumbusha kila alipoelekea kusahau.

Kati ya karakana na cherehani palikuwa na ukumbi wa hatua kumi na moja, na aliyeupita ni binti peke yake. Majirani wakambandika jina la Balozi. Wazazi wakalipenda, wakaanza kulitumia.

"Balozi, mwambie baba yako chakula kipo mezani, kama miguu yake haijaota mizizi."

Binti anavuka. "Baba, chakula tayari."

"Mwambie mama yako nitakula nikikosa msumari wa kutafuna."

Binti anarudi. "Mama, baba anasema asante, anakuja."

Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Maneno yalitoka chumba kimoja na miiba yake, yakafika cha pili yamechambuliwa. Alipofika miaka kumi alishajua kusikiliza cherehani: ikienda mbio, leo hakuna kuomba daftari jipya, ikisimama ghafla, ujumbe unakuja, na tumbo linaanza kukaza kabla hajaitwa.

Miiba ile ilikuwa inakwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. "Sisi hatujawahi kugombana mbele ya mtoto," mama aliwaambia wateja, pini zikiwa mdomoni, na alisema kweli tupu. Walikuwa wanagombana ndani yake.

Binti alipotimiza miaka kumi na mitano, tumbo likawa linamuuma kila asubuhi. Akapewa dawa ya minyoo. Usingizi ukamtoroka, akawa ananyofoa nywele juu ya sikio mpaka pakatokea upara wa ukubwa wa kifungo cha koti. Akapewa dawa ya minyoo tena. Baba akasema tatizo ni simu. Mama, kupitia kwa Balozi, akamjibu kwamba mtoto hana simu. Baba akasema basi tatizo ni kukosa simu.

Kisha siku moja darasani akaambiwa asome ukurasa kwa sauti. Akasimama, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kesho yake vilevile, na nyumbani vilevile. Wiki mbili nzima. Nyumba ikalala kama ofisi iliyokatiwa umeme. Gesi ilipoisha hakuna aliyejua mwenzake ana mpango gani, kwa hiyo wote wawili wakahamia kunywa chai kwa jirani, kila mmoja kwa jirani wake.

Shule ikawaita wazazi. Mtihani wa mwaka ulikuwa na sehemu ya kujibu kwa mdomo mbele ya mtahini. Asiyesema hapandi darasa. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Ofisi ya mwalimu wa ushauri ilikuwa stoo ya michezo, ina wavu uliokunjwa na mipira kwenye rafu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Palikuwa na viti vitatu. Wazazi wakakaa pembeni, na binti wakamweka katikati bila mtu kuwaelekeza.

"Nyumbani kukoje?" mwalimu akauliza.

"Kuzuri sana," baba akasema. "Kwetu hata kelele hamna."

"Balozi, mwambie baba yako aeleze na kwa nini hamna."

Binti kimya.

"Mwambie mama yako hapa hatukuja kupimana viuno."

Wazazi wakamtazama, wakangoja, kama watu waliobonyeza swichi na taa isiwake. Mama akapata akili nyingine.

"Mwalimu, hebu wewe mwambie huyu bwana kwamba mtoto anaumwa vumbi la vioo vyake."

"Baba, mama anasema vumbi la..." Mwalimu akajiziba mdomo kwa kiganja. "Hee! Dakika tano tu mmeshaniajiri! Huyu mmemtumikisha miaka mingapi?"

Balozi akainua vidole sita.

Mwalimu akavua miwani. "Mama, mumeo yuko hapo. Ukinyoosha mkono unamgusa. Mwambie mwenyewe."

Mama akaangalia mipira. Baba naye akaangalia mipira. Ungedhani wamekuja kununua.

"Haya, mwanangu," mwalimu akamgeukia binti, "kama kuna kitu kimekukaa kooni, kitoe tu. Hapa hakuna wa kukuchapa."

Balozi akafungua mdomo kutafuta neno lake mwenyewe, hakuliona. Yaliyojazana kooni yalikuwa ya wazazi wake. Akamgeukia baba, na sauti ikatoka imekwaruza kama kioo kinachoburutwa kwenye saruji.

"Baba. Mama alisema roho yako ni ndogo kuliko tundu la sindano. Mimi nikakwambia anakusalimia. Alisema bora angeolewa na lile kabati. Nikakwambia anauliza kama umepona mafua. Mama. Baba alisema ukilia unafanana na mlango usiotiwa mafuta. Nikakwambia anakupa pole ya msiba wa shangazi yako."

Akaendelea, mwaka kwa mwaka, bila kuchambua mwiba hata mmoja. Baba akawa anajifuta shingo.

"Siku ile nina homa, mama alinituma niseme nikifa nitakuwa nimeuawa na vioo vyako. Wewe ukanituma niseme nikifa ni kwa mikono ya mama. Nilivuka ukumbi mara nne, nimeshika ukuta. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Alisema nafanana na mlango?"

"Muulize."

Mama akageuza shingo, kazi ambayo haikufanyika miaka sita. "Wewe! Mimi mlango?"

"Na mimi tundu la sindano? Mimi niliyekuja msiba wa shangazi yako kwa miguu?"

"Ulikuja kula!"

"Si nilikuja!"

Unadhani walikumbatiana? Thubutu! Walirushiana maneno uso kwa uso mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia, na ukiwatazama vizuri walikuwa wananogewa, kama walioachishwa sukari wakafunguliwa kopo. Habari ya homa hakuna aliyeigusa. Mwalimu wa ushauri ndiye aliyeiandika daftarini, akaipigia mstari mara mbili, akamnong'oneza Balozi: "Jumatatu na Alhamisi uje hapa. Peke yako."

"Balozi!" mama akaita, kapandisha mabega. "Hebu mwambie baba yako..."

"Sitaki," binti akasema, akatoka.

Tumbo halikupona siku ile, wala nywele hazikuota kwa miujiza. Nyumbani vita vikahamia ukumbini, na majirani wale wale wakaanza kulalamika kelele. Balozi alikuwa akifunga mlango wake na kusoma.

Siku ya nane akaketi mbele ya mtahini. Akaulizwa maswali manne. Matatu akayajibu, polepole. La nne likamshinda. Akamchungulia mtahini usoni kuona anataka kusikia nini, kisha akaacha.

"Sijui," akasema.

Mtahini akaandika, akamwita anayefuata. Balozi akabaki amekaa kidogo, anangoja mtu akasirike, mpaka akaambiwa anaweza kwenda. Alama zilitosha kupanda darasa, hazikubaki za kuringia.